Somo

Katika Kiswahili cha pwani, somo ni yale unayofundishwa darasani. Somo pia ni mwanamke anayemfunda mwali. Maana hizi mbili zilipoachana, Dar es Salaam ilibaki na wasichana waliojua hesabu na jiografia, lakini hawakujua mimba inaingiaje wala inazuiwaje.

Bunju, leo sehemu ya Kinondoni, ilikuwa bado kijiji cha Wazaramo Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, alipofanya utafiti huko miaka ya 1960. Kwa mila ya Wazaramo, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, miezi au hata miaka, akifundwa kuhusu hedhi, mwili na unyumba. Tusiyapambe mafunzo yale: yalimwandaa kuolewa, atake asitake. Ila yalimfikia mapema.

Kisha ikaja shule. Sheria ya Elimu ya 1978 ilifanya elimu ya msingi kuwa lazima, na mwali hawezi kukaa ndani mwaka mzima huku jina lake linaitwa darasani. Unyago ukafupishwa, ukaingizwa kwenye likizo. Ndoa nayo ikasogea mbele. Kati ya kuvunja ungo na kuolewa pakazaliwa miaka mingi isiyo na mwalimu.

Walikuwepo waliojaribu. UMATI, chama cha uzazi wa mpango kilichoanzishwa 1959, kilianza na wazazi, kisha kikawafikia vijana. Tangu 1999 jarida la Femina limezungumza nao waziwazi kuhusu kondomu na UKIMWI.

Shule, iliyorithi miaka ile, ilichagua kukagua matumbo. Wasichana walipimwa mimba. Kanuni za 2002 ziliruhusu kufukuzwa kwa kosa la maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza kuwa aliyezaa hatarudi shuleni. Marufuku hayo yaliondolewa Novemba 2021.

Ni hatua kubwa, lakini inamfaa aliyekwisha kuzaa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wasichana 22 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Kungwi alijua jambo moja ambalo wizara bado inalikwepa: msichana hufundwa kabla. Tofauti ni kwamba leo anapaswa kufundwa kwa ajili yake mwenyewe, na kaka yake akae naye darasani asikie.