Shikome, Kiboko na Kitabu cha Wagonjwa

Hapajapata kuwa na jamii isiyokuwa na vijana wenye hasira. Kinachoitofautisha jamii moja na nyingine ni mahali inapozipeleka hasira hizo. Nimeutumikia uuguzi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliipitisha katika zahanati ya shule ya sekondari ya bweni mkoani Shinyanga. Nimefikia kuamini kwamba historia ya uonevu katika shule zetu ni historia ya mahali hapo: palivyokuwa, palivyopotea, na jinsi kazi yake ilivyomwangukia mtu ambaye hakuajiriwa kwa ajili hiyo.

Usukumani mahali hapo paliitwa shikome. Ulikuwa ni moto uliowashwa jioni uani, wazee na vijana wa kiume wakauota na kula pamoja. Habari za mchana zilisimuliwa hapo. Kijana aliyempiga mwenzake machungani hakuwa na njia ya kuificha habari hiyo, kwani wote wawili walikuwa wanasubiriwa na moto ule ule. Mabinti nao walikuwa na bibi zao. Aidha, vijana walikuwa na uongozi wao chini ya nsumba ntale, aliyesimamia kazi za kulima kwa pamoja na kuamua ugomvi wao.

Na kulikuwa na ngoma. Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma ambavyo upinzani wao unajulikana Usukumani kote, walikuwa wakishindana baada ya mavuno, wakirushiana nyimbo za kejeli, na umati ndio uliomchagua mshindi kwa kumwendea na kumwacha mwenzake peke yake. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini. Kejeli ilikuwa na uwanja wake, majira yake na mwamuzi wake.

Sisemi kwamba kale ilikuwa pepo. Adhabu ya kutengwa iliweza kumvunja mtu moyo. Tena Shinyanga hii hii imeona vikongwe wakiuawa kwa kuitwa wachawi, kisa macho yao ni mekundu, ilhali wekundu ule aghalabu ulitokana na moshi wa kupikia kwa samadi katika nchi iliyokwisha kuni. Kuanzia miaka ya 2000 tumeona pia watoto wenye ualbino wakihamishiwa Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, wapate kulindwa wasiuawe. Katika misiba hiyo jina la kubandikwa lilitangulia panga. Kwa hiyo mtu wa huku akiniambia kwamba watoto kuitana majina ni mchezo tu, mimi humwomba aikumbuke historia yake.

Shule ya bweni ilikuja na utaratibu mwingine. Waingereza walikuwa wameuzoea kwao: katika karne ya 19, chini ya wakuu wa shule kama Thomas Arnold wa Rugby, wanafunzi wakubwa walikabidhiwa madaraka juu ya wadogo, na wadogo wakawatumikia. Utaratibu huo uliletwa Tabora, jirani zetu, katika shule ya serikali iliyofunguliwa miaka ya 1920 ikiwalenga zaidi watoto wa machifu. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937, na walioandika maisha yake wanasimulia kwamba alikaribia kuwa kiranja mkuu, lakini mwalimu mkuu akamwona mpole mno kwa cheo hicho. Habari hiyo hunifikirisha kila niikumbukapo. Upole ulihesabiwa kuwa upungufu katika kazi ya kuwaongoza watoto wenzake.

Uhuru ulipokuja, shule ziliongezeka na utaratibu ukabaki. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilizihamisha kaya, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamtaka kila mtoto aende shule. Mambo hayo yalikuwa na sababu zake, na mimi mwenyewe ni tunda la elimu hiyo. Lakini kijana aliyeondoka kwenye moto wa babu yake hakuukuta moto mwingine shuleni. Alikuta kengele, bweni, viranja, na desturi ya kumwita mgeni wa kidato cha kwanza "njuka" na kumfulisha nguo za wakubwa.

Dawa iliyojulikana ilikuwa kiboko. Kanuni za serikali za 2002 ziliweka mpaka: viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa 2009 juu ya ukatili kwa watoto, ambao matokeo yake yalitangazwa 2011, ulionyesha kwamba takribani vijana watatu katika kila wanne, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili na mtu mzima au mpenzi kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto anayechapwa kwa kumwonea mwenzake hujifunza jambo moja kwa hakika: kwamba mwenye nguvu hupiga.

Katika mazingira hayo ndipo alipokuwa muuguzi wa shule. Asili ya kazi yake ni ya mwili. Mjini London mnamo 1892, na mjini New York mnamo 1902 alipoanza Lina Rogers, wauguzi walipelekwa shuleni kwa sababu watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa upele, mashilingi na maradhi ya macho, na wakirudishwa hawakuwa na wa kuwatibu. Muuguzi aliwatibu, wakarudi darasani. Lengo lake tangu mwanzo lilikuwa kuondoa kinachomzuia mtoto kusoma. Kwetu kilichomzuia kilikuwa malaria, kichocho na vidonda, ndiyo maana kabati langu lilijaa klorokwini, Panadoli na bandeji.

Lakini kitabu cha wagonjwa kina lugha yake, na mwenye kukisoma kwa miaka huielewa. Kila Januari, walipoingia wageni, safu ya maumivu ya tumbo na kichwa ilirefuka. Vipimo havikuonyesha kitu. Mtoto wa miaka kumi na minne hajui kusema, "Nimedhalilishwa." Anajua kusema, "Tumbo linauma," na kuomba ED apumzike.

Jioni moja katika miaka ya 1990 alinijia kijana wa kidato cha kwanza.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Huanza saa ngapi?"

"Taa zikizimwa."

Tumbo linaloijua saa ya kuzimwa taa si la minyoo. Nilimpa maji, nikamwacha akae. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu alitoa kisu alichokinunua mnadani, akakiweka mezani karibu na mizani. "Nitunzie, Sista," akasema. "Nikikaa nacho nitaua mtu."

Nilikifungia kabatini. Nilimweleza mkuu wa shule kwamba bweni lile lina hatari, naye akabadilisha mpangilio wa vitanda siku ile ile. Kisha nikamwita yule aliyekuwa akimwonea, kijana wa kidato cha tatu, kwa kisingizio cha kutazama kidonda chake. Hakuwa shetani. Alinieleza kwamba mwaka wake wa kwanza alifua nguo za wakubwa mwaka mzima, akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa Sista, zamu yangu imefika, nisifanyiwe?" Aliuona uonevu kama deni, isipokuwa anayelipa ni mtu mwingine.

Nilikuwa nao muhula mzima, kila mmoja kwa siku yake. Sikuwakutanisha waombane radhi mbele yangu, kwa sababu radhi ya kulazimishwa huzaa kisasi. Niliwafundisha mambo madogo: kuitambua hasira ingali mwilini, moyo unapokwenda mbio na ngumi kukunjana, kuvuta pumzi na kuitoa polepole, kutoka nje mpaka mwembeni kabla ya kujibu, kuipa hisia jina lake, maana mara nyingi kinachoitwa hasira ni aibu au woga. Hawakuwa marafiki. Lakini mmoja alilala usiku, na mwingine akaacha.

Nilielewa uzito wa kisu kile Mei 1999, tulipopata habari za Nyeri, nchini Kenya. Wanafunzi wa sekondari ya wavulana waliwafungia viranja vyumbani usiku, wakawachoma kwa petroli. Viranja wanne walikufa.

Kwa nini kijana yule alikileta kisu kwangu na si kwa mwalimu? Sikuwa mwema kuliko walimu. Ni kwamba sikushika kiboko wala kalamu ya alama za mtihani, na mlango wa zahanati ulikuwa na sababu nyingine ya kuingiwa. Mtu angeweza kwenda kulia pale, wenzake wakadhani amekwenda kunywa dawa.

Miaka ya 2000 nilihamia Geita, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mgodi mkubwa wa dhahabu ulikuwa umeanza kazi mwaka 2000, na pembeni yake wachimbaji wadogo walikuwa wengi. Hapo nilikutana na ubabe wa aina nyingine. Kijana aliyeshinda Jumamosi kwenye duara au mwaloni alirudi Jumatatu na fedha kumzidi mwalimu wake, na fedha ile ikamnunulia wafuasi. Tena alikuwa amechoma dhahabu yenye zebaki bila kinga. Mvuke wa zebaki huingia kwenye ubongo, ukaleta kutetemeka, kukosa usingizi na wepesi wa kuchukia. Mafundi wa kofia wa Ulaya walipatwa na hayo zamani. Tangu hapo, kijana mkorofi akiletwa, swali langu la kwanza lilikuwa: wikiendi ulikuwa wapi? Kiboko hakijui kuuliza swali hilo.

Mtaalamu Dan Olweus, aliyeongoza kampeni dhidi ya uonevu katika shule za Norway kuanzia 1983 baada ya wavulana watatu kujiua, alisisitiza kwamba uonevu si ugomvi wa watu wawili tu. Wapo wanaotazama, na wapo watu wazima wanaojua au wasiotaka kujua. Wazee wa shikome wangemwelewa vizuri. Nao walijua kwamba anayetazama ni sehemu ya kesi.

Mpango wa sekondari wa 2004 ulileta shule za kata, nami naufurahia kwa kuwa mtoto hulala kwao. Lakini shule nyingi za kata hazina muuguzi, na mwalimu wa unasihi mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye vipindi ishirini na zamu ya nidhamu. Ushauri huwezi kuutoa kwa mkono ule ule ulioshika kiboko. Hata hivyo vijiji vingi vina zahanati. Muuguzi wa zahanati akipewa siku moja kwa wiki, chumba chenye mlango unaofungwa, na ruhusa ya kutunza siri isipokuwa pale maisha ya mtu yapo hatarini, patakuwa pamepatikana mahali.

Ndugu msomaji, hatuwezi kuurudisha moto wa babu zetu, na sidhani kama inafaa kuurudisha wote. Ila watoto wetu wana hasira zile zile, na kisu mnadani bado kinauzwa kwa bei ndogo. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba kijana aliyekinunua anamjua mtu wa kumpelekea akitunze.