Upasuaji wa kupunguza uzani: Upi unakufaa?

MTU anayesumbuliwa na kiungulia sugu asikimbilie ule upasuaji unaoacha tumbo likiwa jembamba mithili ya ndizi. Takriban asilimia 80 ya tumbo hukatwa na kutupwa, wala halirudishwi tena, na kiungulia chenyewe huweza kuzidi.

Afadhali kwake, na kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ni daktari kutenga kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Hata hivyo, asipomeza vitamini na madini maisha yake yote, huenda akapungukiwa damu na mifupa ikadhoofika.

Mshipi wa kubana tumbo, uliovuma miaka ya 2000, umeachwa na madaktari wengi. Wagonjwa wengi walilazimika kurudi kuutolewa.