Damu na Asili ya Mtuhumiwa



Tukiketi barazani hapa Madungu, Chake Chake, na kumwuliza kila mmoja asili yake, jioni haitoshi. Huyu atataja Washirazi, yule Uarabuni, mwingine Bara au Ngazija; na mara nyingi wote hao wamo katika ukoo mmoja. Juma hili nawaalika tuitazame sayansi inayosoma asili hiyo katika tone la damu. Polisi wakiitumia kumtafuta mhalifu, yatupasa kuiamini kwa kiasi gani?

Mwaka 1984, huko Leicester, Uingereza, Alec Jeffreys aligundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba, yaani DNA. Ilipotumika kwa mara ya kwanza katika upelelezi wa mauaji, njia hiyo ilianza kwa kumwokoa kijana aliyekuwa amekiri kosa asilolitenda. Ndipo mhalifu halisi, Colin Pitchfork, akapatikana na kuhukumiwa mwaka 1988. Hapo vinasaba vya mahali pa tukio vililinganishwa na vya mtu anayejulikana.

Baadaye likazuka swali jingine: ikiwa hakuna wa kulinganishwa naye, je, vinasaba vyaweza kueleza asili ya mhalifu? Mwaka 2003, mjini Baton Rouge, Marekani, polisi walikuwa wakimtafuta Mzungu kwa mauaji ya wanawake kadhaa. Kampuni moja ikapima vinasaba alivyoviacha muuaji, ikakadiria kwamba asili yake ni asilimia 85 ya Kiafrika na 15 ya wenyeji wa kale wa Amerika. Upelelezi ukageuka. Mwaka huohuo akakamatwa Derrick Todd Lee, mtu mweusi, ambaye baadaye alihukumiwa. Hata hivyo, kilichomfunga ni kulingana kwa vinasaba vyake mwenyewe na vya muuaji. Asili peke yake isingemtofautisha na maelfu ya majirani zake wasio na hatia.

Mwaka 2009 jambo hili liliwagusa watu wa Afrika Mashariki. Idara ya uhamiaji ya Uingereza ilianzisha majaribio ya kupima vinasaba vya waomba hifadhi waliosema ni Wasomali, ili kujua kama kweli wametoka Somalia au nchi ya jirani. Wanasayansi, Jeffreys akiwa miongoni mwao, waliyapinga, nayo hayakuendelezwa. Mpaka wa Kenya na Somalia uliwekwa na wakoloni katika ramani, wala haumo katika damu. Msomali wa Garissa na yule wa Kismayu waweza kuwa na babu mmoja na pasipoti mbili.

Na pwani yetu je? Mwaka 2023 watafiti, akiwemo mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, walichapisha matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilionekana kwamba tangu mnamo mwaka 1000 Waafrika na watu kutoka Asia, hasa Uajemi, walianza kuchanganyika. Kwa wengi wa waliopimwa, upande wa mama ulielekea Afrika na upande wa baba ukaelekea Asia. Basi mtu wa pwani akipimwa leo, kipimo cha upande mmoja chaweza kumwita Mwafrika, na cha upande wa pili kikamwita Mwajemi. Polisi watamtafuta nani?

Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Huenda ni kweli kwa tenga la samaki, lakini si kwa watu. Asili ni ya wengi. Kosa ni la aliyelitenda. Siku tutakaposikia kwamba mtuhumiwa ni wa asili fulani, tuulize kwanza: je, vinasaba vyake vimelinganishwa, au imetajwa asili tu? Kabla ya kupata jibu, tusimgeuzie uso jirani yetu wa asili hiyo.

Nawatakia juma jema.