Hedifoni Mpya Zinaskika Aje? Usizihukumu na Ngoma ya Kwanza

Umetoa doh, umefungua boksi, umevaa hizo hedifoni zako mpya za kufunika masikio, alafu mziki ukaskika kawaida tu. Ama besi inagonga hadi mwimbaji amezama. Kabla uambie mbogi umeuziwa mbuzi kwa gunia, tulia kiasi. Kuna vitu za kucheki siku hiyo hiyo, na kuna zingine zinataka wiki.

Anza na kasoro, juu duka mob za tao zimebandika ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudi, na zile zinakubali hukupea siku chache tu. Ingia kwa mipangilio ya simu uwashe sauti ya mono. Mwimbaji anafaa kuskika katikati kabisa ya kichwa. Akivuta upande mmoja, geuza hedifoni, ya kushoto ikae kulia. Akihama, shida iko kwa hedifoni ama simu, so jaribu na simu ya msee mwingine. Akibaki pale pale, hilo ni sikio lako, muuzaji hana makosa.

Alafu tafuta programu ya bure ya kutoa toni, uanzie hezi 30 ukipanda polepole hadi 200, sauti ya wastani. Ukiskia kitu inakoroma kama spika ya mathree yenye imepasuka, rudisha kesho asubuhi. Hiyo haijiponyi.

Kama hakuna kasoro na bado besi ni nyembamba, cheki vile zimekukalia. Hedifoni za mgongo uliofungwa zinategemea pedi zishike ngozi pande zote. Miwani, rasta, braids, hata vipuli vikubwa huacha kanjia, hewa inatoroka na besi inaenda nayo. Bonyeza vikombe na vidole. Besi ikirudi, umepata jibu: sogeza nywele nyuma, shusha vikombe kiasi. Pedi za ngozi bandia zikipata joto la kichwa kwa siku kadhaa hulainika, zinakaa fiti zaidi, na sauti inabadilika kidogo.

Wasee watakushow uziache zikicheza usiku kucha, masaa 100, ndio "zifunguke". Waliopima wamepata mabadiliko madogo sana. Kwa maoni yangu, chenye hufunguka sana ni ubongo wako. Kama umezoea earphones zimejazwa besi, hedifoni za studio kama Sony MDR-7506 zitaskika kali juu na kavu chini siku ya kwanza. Audio-Technica ATH-M50x ziko na besi ya kutosha, so wengi huzipenda mara moja. Beyerdynamic DT 770 Pro za ohm 250 nazo zinataka nguvu zaidi. Ukizichomeka kwa simu na zikaskika chini, hazijaharibika, simu ndio inashindwa.

Cheki pia unaskiza nini. Spotify kwa kiwango cha chini cha kuokoa data hutuma kbps 24 hivi. Ya kulipia iko hata na kiwango cha 320. Hakuna hedifoni itafufua ngoma ya kbps 24, hata ukilipa elfu hamsini.

Ukilinganisha na za zamani, hakikisha zote ziko na sauti sawa. Zenye ziko juu kidogo hushinda kila saa, hata kama ni takataka, juu sikio huskia besi vizuri zaidi mziki ukiwa juu. Tumia ngoma unazojua hadi pumzi ya mwimbaji. Kothbiro ya Ayub Ogada ni mtihani poa: sauti ya mtu na nyatiti, hakuna pa kujificha. Benga ya zamani nayo itakuonyesha kama gita la besi na lile la mbele zinatengana ama zinashikana kama ugali mbichi. Gengetone iache ya mwisho, hiyo huskika poa kwa karibu kila kitu.

Usitarajie uwanja mpana kama wa Sennheiser HD 600, hizo mgongo wake uko wazi. Kwako mziki utakaa karibu na kichwa, na hiyo ndio bei ya kufungia nje kelele za Thika Road. Itumie vizuri: kwa mat, shusha sauti badala ya kupandisha. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni masaa 40 kwa wiki, lakini ukifika 90 ni masaa 4 pekee.

Wiki ikiisha, rudia zile za zamani kwa ngoma mbili tatu. Zikiskika kama redio ndani ya ndoo, ujue umeshazoea mpya. Ukijipata unazipenda bado kuliko hizi, na besi, ukaaji na simu zote ulicheki, hiyo ni ladha yako tu. Uza mpya zikiwa bado na boksi na nyaya zote, bei iko juu.