Mbao kwa Mechi

Kibanda cha gemu ninachokijua mimi hapa Lokichar kina mabati pande tatu, pazia upande wa nne, na runinga mbili zilizojaa vumbi la barabara ya Lodwar. Bei ni mbao kwa mechi. Mshindi anakaa, aliyeshindwa anapisha, na mwenye kibanda huketi mlangoni na mkebe wa sarafu, sikio lake likiwa kwa jenereta kuliko kwa mpira. Mwaka mpya ulipoingia, nikiwa na yale maazimio ya kawaida ya Januari, nilimuuliza kwa nini miaka yote hii tunacheza soka na ngumi tu. Hata hakuinua kichwa.

"Hizo zingine zinaisha saa ngapi?"

Nimelitafuna swali hilo wiki nzima. Naona kama jamaa alinisimulia historia ya gemu bila kujua.

Mwaka wa 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine ya Pong kwenye baa moja mjini Sunnyvale, California. Ilikuwa tenisi ya vijiti viwili na nukta moja, basi. Baada ya muda mfupi mashine ikagoma. Fundi aliyeitengeneza, Allan Alcorn, alipoifungua hakukuta waya umeungua. Sarafu zilikuwa zimejaa hadi mashine haiwezi kumeza nyingine. Tangu hapo gemu za mitaani zikajua kazi yake: mfundishe mtu kwa sekunde chache, mnyanganye ushindi haraka, aingize mkono mfukoni tena.

PlayStation haikuzaliwa kwa biashara hiyo. Sony waliitoa Japani Desemba 1994 ikae sebuleni, mtu acheze hadithi ndefu, aihifadhi, alale, kesho aendelee. PlayStation 2 ilifuata mwaka wa 2000 na ikauzwa zaidi ya milioni 150, mashine ya gemu iliyouzwa kuliko zote. Lakini huku kwetu sebule yenye mashine kama hiyo ni ya nani? Kwetu ilifika kama mtaji, kama vile cherehani au pikipiki. Ikatolewa sebuleni, ikapewa mkebe, ikageuzwa kuwa mashine ya sarafu upya. Ndiyo maana Tekken 3 na Winning Eleven, na baadaye FIFA, ziliishi vibandani: mbili zinashindana, moja inaanguka, mbao inaingia.

Piga hesabu na mimi. Gemu ya hadithi ya saa 40, ukiikata vipande vya dakika kumi kwa mbao, ni shilingi 4,800. Kwa pesa hiyo huku unaanza kuongea na mwenye mbuzi. Kwa hivyo mtu akituambia vijana wa mashinani hatuna ladha, tunajua mpira tu, mimi humuuliza kwanza kama amewahi kulipia hadithi kwa dakika.

Na uwezo wenyewe wa kubadilisha gemu haukuanguka kutoka mbinguni. Mashine nyingi za kwanza za nyumbani zilikuja na michezo yake imefungiwa ndani; ukiichoka, umechoka. Mwaka wa 1976 kampuni ya Fairchild ilitoa Channel F, ya kwanza ya nyumbani iliyotumia kaseti zenye programu ya gemu ndani, unachomoa moja unachomeka nyingine. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Jerry Lawson, mhandisi mweusi mzaliwa wa Brooklyn. Nimecheza gemu tangu darasa la nne na jina lake nililijua juzi tu. Kila CD iliyokwaruzwa pale kibandani ni mjukuu wa wazo alilolisimamia yeye.

Sasa niseme kilichonifanya nianze kuuliza maswali haya. Mwaka jana binamu yangu alikuja kukaa kwetu kutoka upande wa Kainuk. Ile barabara mnaijua kwa habari za majambazi. Yeye anaijua kwa milio. Siku ya kwanza kibandani mtu alikuwa ameweka gemu ya bunduki, sauti juu. Dogo aliweka pedi chini, akatoka, akaenda kukaa na mbuzi wa watu nyuma ya choo. Wasee wakamcheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na hilo halijanitoka.

Ukifuata barabara hii kupita Lodwar unafika Kakuma, kambi iliyoanza 1992 vijana wa Sudan walipofika kwa miguu. Lual Mayen hakulelewa Kakuma. Familia yake ilikimbia vita vya Sudan Kusini kuelekea Uganda, naye akazaliwa njiani. Lakini watu wa Kakuma hawahitaji kuelezwa maisha yale. Alipoiona kompyuta kambini akaitaka. Mama yake akaweka akiba miaka mitatu hadi zikafika dola 300. Kuichaji kulikuwa safari ya kutembea saa tatu. Gemu aliyokutana nayo ilikuwa Grand Theft Auto: Vice City, bunduki mwanzo mwisho, na akajifunza mwenyewe kutengeneza kinyume chake. Yake inaitwa Salaam: wewe ni mkimbizi, unakimbia, unahitaji maji, chakula na dawa. Mwaka wa 2018 tuzo za The Game Awards zilimtambua.

Hata hapa Kenya mambo yalianza mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka wa 2007, na shujaa wake ni mwanamke. Andrew Kaggia akaleta Nairobi X mwaka wa 2015, viumbe wa anga za juu wakivamia jiji. Na Sylvia Gathoni alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka wa 2018 kwa ajili ya Tekken, ile ile ya vibandani, ambako kwetu sijawahi kuona msichana ameshika pedi zaidi ya mara mbili.

Basi mimi na wenzangu wanne tulimwendea mwenye kibanda. Tukaelewana: Jumapili asubuhi, wateja wakiwa wachache, tunachanga tunalipia saa nzima, na kadi ya kuhifadhi gemu tunanunua wenyewe. Tulianza na Shadow of the Colossus, gemu ya 2005 ya PS2. Majitu 16, kijana mmoja, farasi mmoja, na nchi pana tupu. Mmoja wetu alilalamika papo hapo: "Mbona hakuna watu?" Zamu ya binamu ilipofika hakutafuta jitu lolote. Alimpanda farasi akaenda tu, akavuka daraja, akashuka bondeni, dakika kumi nzima hakuna aliyekufa. Wawili wakaanza kusonya kwamba anamaliza saa ya watu.

Jumapili iliyofuata stima ya jenereta ilikatika kabla hatujahifadhi. Tukarudia. Jumapili ya tatu mwenye kibanda alisogea nyuma yetu na mkebe wake, akatazama kidogo, akauliza tena inaisha saa ngapi. Tulikuwa kwa jitu la pili.