Boycott

Boycott ni neno la Kiingereza, nomino na kitenzi, lenye maana ya watu kukubaliana kukata uhusiano na mtu, biashara au shughuli fulani ili kuwashinikiza wahusika wabadili mwenendo. Kiswahili husema kususia, na pengine kugomea. Asili yake ni jina la ukoo la Charles Cunningham Boycott (1832–1897), Mwingereza aliyekuwa wakala wa mashamba ya Lord Erne karibu na Ballinrobe, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland. Mwaka 1880, baada ya misimu ya mavuno mabaya, wapangaji waliomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Mwenye ardhi akakubali 10 tu, na mwezi Septemba wakala akaanza kupeleka hati za kuwafukuza. Siku chache kabla, mwanasiasa wa Ireland Charles Stewart Parnell alikuwa amehutubia mjini Ennis akitaka anayechukua shamba la mwenzake aliyefukuzwa asiuawe, bali atengwe kama mkoma. Watu wa Mayo wakamtenga wakala mwenyewe: vibarua waliacha mazao shambani, watumishi wakaondoka, maduka ya Ballinrobe hayakumuuzia kitu. Novemba waliletwa wavunaji 50 wa kujitolea kutoka Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Ulinzi huo ulikadiriwa kugharimu pauni 10,000, kwa mazao yasiyozidi pauni 500 hivi.

Kwa maelezo ya mwandishi wa habari wa Marekani James Redpath, aliyependekeza jina la wakala huyo liwe neno la kitendo hicho ni padri John O'Malley, aliyeona kwamba wakulima wasingeelewa neno la kitabuni, ostracism. Mtu anaweza kupinga kwamba hapo hapakuzaliwa kitu kipya, maana walowezi wa Marekani walisusia bidhaa za Uingereza tangu miaka ya 1760, na mwaka 1791 Waingereza wengi waliacha kula sukari ya jasho la watumwa. Ni kweli kitendo ni cha kale, lakini maneno yaliyokuwepo hayakukitosha. Ostracism ilikuwa kura rasmi ya raia wa Athens, iliyompeleka mtu uhamishoni kwa miaka 10. Embago ni amri ya serikali, na mgomo ni wa mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake. Huko Mayo, muuza duka na kibarua waliungana bila cheo wala sheria mkononi, na hilo ndilo lililokosa jina. Ndiyo maana Wafaransa, Wajerumani na Warusi walilichukua upesi neno boycott badala ya kutunga lao. Pingamizi zito zaidi ni kwamba umoja ule ulichanganyika na vitisho, na hata aliyempelekea wakala barua alionywa aache. Hilo halikanushiki, lakini walioliazima neno waliazima kule kujitenga, si vitisho.

Mwanzoni aliyesusiwa alikuwa mtu, kisha zikafuata bidhaa, chaguzi na michezo. Mwaka 1937, Zanzibar ilipokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu ukiritimba wa kununua zao hilo, wafanyabiashara wa Kihindi waliisusia karafuu wakiungwa mkono na chama cha Congress cha India, hadi mapatano ya 1938. Weusi wa Montgomery, Alabama, walisusia mabasi yenye ubaguzi kwa siku 381 kuanzia Desemba 1955. Matukio haya mawili yanakaa vizuri ndani ya maana ya awali. Olimpiki ya Moscow ya 1980 haikai vizuri hivyo. Marekani ilizishawishi serikali nyingine zisusie kwa sababu ya uvamizi wa Umoja wa Kisovyeti nchini Afghanistan. Kenya ikabaki nyumbani, Tanzania ikaenda, na Filbert Bayi akapata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Magazeti yaliita uamuzi huo boycott na kamusi zimeridhia, ingawa dola zinapokatazana michezo, jina la embago lingefaa zaidi.