Pallad: Silaha Moja, Majina ya Kuazima

Jina la silaha ni kama jina la mtu kwenye pasipoti: likikosewa, atatafutwa mtu mwingine. Chukua kirusha guruneti cha Poland, kile kinachofungwa chini ya mtutu wa bunduki. Katika maelezo ya picha za vita nimekikuta kikiitwa GP-25, na mara nyingine kikichanganywa na kbkg wz. 60. Jina lake ni wz. 74 Pallad.

Tuanze na hizo herufi. "Wz." ni kifupi cha neno la Kipolandi *wzór*, yaani muundo, na tarakimu zinazofuata ni za mwaka: 1974. Hapo tu GP-25 inaanguka, maana hiyo ni ya Wasovieti na iliingia jeshini 1978. Zote mbili ni za milimita 40, ndiyo, lakini guruneti ya GP-25 haina ganda na husukumwa ndani kupitia mdomo wa mtutu. Ya Pallad ina ganda, kipimo chake 40x47. Ile ya Wamarekani ni 40x46. Milimita moja tu, lakini ni risasi mbili tofauti.

Na kbkg wz. 60 je? Hii ni bunduki nzima ya ukoo wa AK. Guruneti huvishwa kwenye ncha ya mtutu, kisha risasi baridi ndiyo inayoirusha. Chini ya mtutu hakuna kitu. Ukiona kirusha guruneti kama Pallad lakini kinasimama peke yake, na kitako chake, basi huyo ni mdogo wake: wz. 83 Pallad-D.

Sasa neno lenyewe, kwa sisi wapenda maneno. Pallad ni jina la Kipolandi la madini ya paladi. Linakaa vizuri na ndugu zake: bunduki Tantal imebeba jina la madini, Onyks na Beryl majina ya vito. Paladi nayo ilipewa jina la Pallas, asteroidi kubwa iliyogunduliwa 1802, na hiyo ikapewa jina la Athena, mungu wa Wagiriki wa hekima na vita. Ukizunguka sana, unarudi vitani.

Kuna watakaosema, jamani, bomu ni bomu, aliyeuawa hajali herufi. Kweli, hajali. Ila wanaouliza nani aliiuza, na ilipitia wapi, wanaanzia kwenye jina. Ukiandika GP-25, macho yote yanageukia Moscow, na aliyeiuza silaha ya Poland anaendelea na biashara zake bila kuulizwa. Silaha haina ulimi. Tarakimu mbili baada ya "wz." ndizo zinazoisemea, na mwandishi akizikosea, ametoa ushahidi wa uongo bila hata kujua.